Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: websaiti ya kituo cha tiba, Unguja na Pemba

Assalaam alaykum na karibuni. Sisi ni watengenezaji wa websaiti za vituo vya tiba, na ukurasa huu tumeuandika baada ya kuchoka kujibu yale yale kwenye WhatsApp, mara mwenye soba (nyumba ya kukaa watu wanaoacha dawa za kulevya) ya shamba, mara daktari wa kliniki ya mjini, mara mtu wa Chake anataka kufungua kituo, paa bado hajaezeka lakini websaiti anaitaka kesho. Mifano mingi hapa ni ya soba na kliniki za uraibu kwa sababu huko ndiko mambo haya yanakobana zaidi, lakini kama una kituo cha fizio au cha afya ya akili au cha wagonjwa wa figo, soma tu, mengi yanakuhusu na wewe.

Tuna Instagram na WhatsApp, websaiti ya nini tena?

Instagram si mbaya, iwepo. Ila mtu akikifolo kituo cha uraibu watu wake wanaona, na mji wetu huu mtu akipiga chafya Jang'ombe Fuoni wanamwambia yarhamukallah. Halafu Insta inatanguliza kipya, kwa hivo mtu anakutana na picha za semina ya juzi na keki ya kumuaga muhasibu kabla hajajua kama mnapokea mgonjwa leo. Websaiti mtu anaingia, anasoma, anatoka, hajaacha jina.

Anaeingia kwenye websaiti ni nani khasa? Sisi tulikuwa tunawafikiria wafadhili.

Wafadhili watakuja, na wale wana subira na wana bando. Muwekeeni ukurasa wao huko chini na ripoti zenu, hawatopotea.

Anaekuja kwanza, kwa tunavoona sisi, ni mtu wa familia, na mara nyingi mwanamke: mama, dada, mke, shangazi. Yuko kitandani saa nane za usiku, taa kazima asiamshe watu, chaji inakaribia kwisha, na leo mtungi wa gesi umeondoka jikoni haujulikani ulikokwenda ila yeye anajua. Hajui tofauti ya soba na hospitali, hajui kama kijana wake akipelekwa atafungwa minyororo, anaogopa polisi, ana aibu, na pengine keshazunguka kwenye visomo na kwa waganga mpaka dhahabu zake zimekwisha. Huyo umwekee "Dira na Dhamira" ya aya tatu kweli? Anataka kujua mtampokea au hamumpokei, ni kiasi gani, nani atajua, na kukicha afanye nini. Basi. Kila kitu kwenye websaiti kipimwe kwa huyo.

Na akiwa katoka kwenye kisomo msimdharau, maana tumeona websaiti zinaanza na kuwasema watu waliopeleka watoto kwa waganga, mtu anasoma sentensi ya kwanza kashatukanwa. Andika tu kwamba dua na kisomo havikatazwi hapa na arosto (maumivu ya mwili unapokosa dawa za kulevya) nayo ina dawa yake, mambo yaende pamoja.

Wa pili ni mgonjwa mwenyewe. Huyu anakuja na hali nyengine, akili haitulii, anasoma mistari miwili, na anataka kujua kama ataumia, kama kuna dawa ya kumtuliza, na kama akishaingia anaweza kutoka. La mwisho hilo vituo vingi hawaliandiki, sijui kwa nini, na ndilo linalomfanya mtu arudi geti la kituo keshalifikia.

Wa tatu ni anaemuelekeza mtu: nesi, mwalimu wa skuli, imamu, sheha. Anataka namba na jinsi ya kufika ili amtumie mwengine. Kwa ajili yake kila ukurasa ujitegemee, kwa sababu atakopi linki ya ukurasa mmoja tu, na atakaeipokea hatouona ule wa mwanzo.

Sasa ukurasa wa mwanzo uwe na nini?

Sentensi moja inayosema nyinyi ni nani na mnamsaidia nani, kwa Kiswahili cha kawaida. Chini yake namba ya simu inayobonyezeka, sio picha ya namba, maana picha ya namba mtu hawezi kuipiga, anatafuta kalamu gizani. Chini yake batani mbili kubwa: "Natafuta msaada wangu mwenyewe" na "Namtafutia mtu wangu". Halafu mstari wa saa: simu inapokelewa kuanzia lini mpaka lini, na nje ya saa hizo afanye nini.

Hilo la nje ya saa liandikwe wazi. Mtu akiwa hapumui vizuri, midomo imebadilika rangi, anaamshwa haamki, hiyo si kazi ya kituo wala ya kusubiri asubuhi, ni hospitali iliyo karibu, na namba ya dharura ni 112. Kama aliye hatarini ni mtoto ipo 116, simu ya msaada kwa watoto, nayo muiweke. Maneno mafupi, juu, sio kwenye kona ya chini kwa herufi za rangi ya majivu.

Slaidi za picha zinazozunguka zenyewe hatuziweki. Wenye vituo wanazipenda sana, lakini mtu anasoma ya kwanza hajamaliza ishaondoka.

Menyu iwe na vitu vingapi?

Vitano vinatosha, sita ukinibembeleza. Kwa soba tunatumia hivi: Nataka msaada, Kwa familia, Tiba ilivyo, Gharama, Kufika na kupiga simu. Mengine yote (wafanyakazi, ripoti, nafasi za kazi, habari) yanakaa chini kabisa ya ukurasa.

Majina ya menyu yawe maneno ambayo mama angeyatamka mwenyewe. "Huduma Zetu" haimwambii kitu, kila mtu ana huduma zake, hata muuza urojo. Na ile menyu ya vistari vitatu watu wazima wengi hawaijui kama inabonyezwa, andika neno MENYU pembeni yake, gharama yake ni sifuri.

Bei tuiweke au mtu apige simu?

Iwekeni. Najua sababu zenu, bei inabadilika, kila mgonjwa na hali yake, jirani asijue mnatoza kiasi gani. Lakini mtu asiyeiona bei anakisia, na anaekisia akiwa na khofu anakisia juu, anafunga simu anasema hii si ya watu kama sisi. Mwengine anaona aibu kupiga simu akauliza halafu aseme hana.

Andika ya mwezi ni shilingi ngapi, ndani yake mna nini (chakula, malazi, dawa, ushauri), nje yake mna nini (vipimo, nauli, sabuni, nguo), inalipwa kwa mkupuo au kidogo kidogo, na mtu akishindwa katikati inakuwaje. Kama kuna nafasi za bure au za kusaidiwa sema zinaombwaje, na msimpe mtu fomu ya kueleza umasikini wake kurasa nne. Kama bei inategemea hali, weka ya chini na ya juu na sababu ya tofauti. Kama tiba ni bure andika BURE kwa herufi kubwa, kwa sababu watu hawaamini.

Vipi kuhusu siri? Kisiwa kidogo hichi.

Hapa ndipo tunapokaa na mteja muda mrefu zaidi, na mambo mengi hayaonekani kwa macho.

Anza na linki. Mtu akiituma kwa WhatsApp inatoka na kijipicha na kichwa cha habari. Kama kichwa ni "TIBA YA WARAIBU WA UNGA" na simu ya dada iko mezani inasomwa na kila mtu, umemuumbua. Kichwa cha linki kinaandikwa peke yake kwenye kodi (maandishi ya kompyuta yanayoiendesha websaiti), tunaweka jina la kituo tu na picha ya mti au ya geti.

Halafu simu za kushea. Nyumba nyingi simu moja inashikwa na watu watatu. Tunaweka batani ya kutoka haraka, ukiibonyeza unapelekwa kwenye ukurasa wa hali ya hewa. Waingereza wanayo kwenye mfumo wa websaiti za serikali yao, GOV.UK, kwenye kompyuta hata ukibonyeza Shift mara tatu inakutoa. Lakini muwaambie watu ukweli, batani hiyo haifuti historia ya brauza, kwa hivo chini yake tunaandika jinsi ya kuifuta kwa hatua mbili tatu.

Halafu matangazo. Kuna kijikodi cha Facebook ambacho mafundi wengi wanakiweka kila websaiti bila kuuliza, cha kufuatilia nani kaingia ili baadae aonyeshwe tangazo. Kwenye kituo cha tiba USIKIWEKE. Maana yake mtu kasoma kwako kuhusu kuacha unga, kesho yuko na mkwe wake wanaangalia video, linatokea tangazo la soba. Wala si jambo la kwetu tu, Marekani mwaka 2023 tume yao ya biashara, FTC, iliibana BetterHelp (ya ushauri nasaha wa mtandaoni) ilipe dola milioni 7.8 na GoodRx (ya kutafuta bei nafuu za dawa) dola milioni 1.5 kwa kupeleka khabari za afya za wateja wao kwa Facebook na makampuni mengine ya matangazo. Kuhesabu wageni kuna programu za kuhesabu bila kumfuata mtu, tutumie hizo.

Na sheria: Muungano una Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kufanya kazi Mei 2023. Afya kwa Zanzibar si jambo la Muungano, kwa hivo mpelekeeni mwanasheria wenu awaambie inawashika wapi na wapi haiwashiki. Sisi tunajenga kama vile inakushika kote, hatujawahi kuona mgonjwa akilalamika kwamba siri yake imetunzwa mno.

Fomu ya kuomba msaada iulize nini?

Jina lolote anapenda kuitwa, namba, saa nzuri ya kumpigia. Na moja zaidi ambayo wateja wetu wanacheka mwanzo: "Akipokea mtu mwengine tuseme sisi ni nani?" Mama mmoja aliandika semeni nyinyi ni fundi wa cherehani, na hivo ndivo alivopigiwa.

Tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, shehia, ametumia nini na kwa miaka mingapi, yote hayo ataulizwa akifika, na mtu wa kumtazama usoni. Kila kisanduku unachoongeza kuna mtu anaacha fomu hapo hapo.

WhatsApp je?

Muhimu sana, wengi wanaona haya kupiga wataandika. Linki inatengenezwa kwa wa.me halafu namba ianze na 255 bila ile sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha, watu wanakosea hapo kila siku linki inakufa. Simu iwe ya kituo, isiwe ya mkurugenzi ambae anaweka stetasi za harusi ya mpwa wake. Na wekeni jibu la kwanza la kujituma lenyewe liseme binadamu atajibu saa ngapi, likisema asubuhi saa mbili basi saa mbili kuwe na mtu.

Tuweke chatboti ya AI ijibu usiku?

Kwa sasa hapana. Mtu anaweza kuandika usiku huo kwamba hataki tena kuishi, na sitaki jibu la kwanza analopata litoke kwenye mashine iliyokisia. Pesa hiyo mpeni posho mtu wa kushika simu mpaka saa sita usiku.

Picha gani tutumie?

Geti, ili mtu akifika alijue. Uwanja, chumba chenye vitanda vilivyotandikwa kweli, jiko, mahala pa kusalia, nesi na mshauri kwa nyuso zao na majina wanayoitwa. Picha za kununua mtandaoni za wazungu wameshikana mikono kwenye duara ziacheni, mtu wa Makunduchi anajua mara moja kwamba hapo sipo.

Sindano, kijiko, moshi, unga mezani, hapana kabisa. Mwenye kuijua ile kitu akiiona picha mwili unakumbuka, unamchokoza mtu uliyetaka kumsaidia.

Sasa picha za wagonjwa. Kila kituo kinataka ile ya kabla na baada, huyu alikuja amekonda sasa mnene, na mwenyewe karidhia kasaini. Ameridhia akiwa na wiki sita, ana furaha, anawashukuru, angeridhia chochote. Mungu akijaalia miaka mitatu baadae anaenda kuposa, ukoo wa upande wa pili unauliza mtaani na siku hizi unauliza na Google, wanaikuta picha yake kwenu. Kufuta mtafuta, lakini watu washaihifadhi. Sisi tunapendelea sauti: dakika moja ya mtu aliyepona anaeleza siku yake ya kwanza ilikuwaje, bila jina bila sura. Na tunarudi kumuuliza tena kila mwaka kama bado anaridhia. Kuna wanaotaka wenyewe kujulikana, wanatembea maskuli wanahadithia, hao ni haki yao, ila wawe wameshakaa nje muda wa kutosha.

Maneno yaandikweje?

Mtu asiitwe teja wala mlevi hata kwa nia nzuri. Andika mtu anaetumia, mgonjwa, kijana wenu. Lakini maneno ya mtaani yenyewe, unga, arosto, soba, yawemo kwenye maandishi, kwa sababu ndiyo yanayoandikwa Google, hakuna mtu usiku anatafuta "huduma jumuishi za utengamao".

Sentensi fupi. Msifokee mtu kwa alama za mshangao. Na msiwatishe, wanaofungua ukurasa huo washatishika.

Kuhusu tiba yenyewe tueleze mpaka wapi?

Elezeni siku ya kwanza kwa saa zake. Anafika, nani anampokea, anakaguliwa mzigo, simu inachukuliwa au haichukuliwi, analala na nani, anakula nini, familia inaruhusiwa kuja lini. Khofu kubwa inakaa kwenye yasiyojulikana, na hili nawaambia wenye vituo tena na tena, ukurasa wa "Siku ya kwanza" ndio mtu anaoukalia kuliko yote.

Mambo ya kidaktari yaandikwe na daktari wenu, sisi tunarahisisha maneno tu. Ila kuna manne tunayadai yawemo. Moja, arosto ya heroini: kwa kawaida inaanza saa 8 mpaka 24 baada ya mara ya mwisho na inachukua siku 4 mpaka 10, familia ikijua hivo haitopagawa siku ya pili ikaja kumtoa. Mbili, pombe ni jambo jengine, aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, kwa hivo asifungiwe chumbani nyumbani "mpaka imtoke", apelekwe akaonwe na daktari. Tatu, aliyekaa bila kutumia akirudi kwenye kipimo chake cha zamani mwili hauhimili tena, hapo ndipo watu wanapokufa wiki chache baada ya kutoka. Hili linaandikwa kwa utulivu kwenye ukurasa wa familia, pamoja na zile dalili za hatari.

Nne, kama nyinyi hamtoi methadoni (dawa ya hospitali anayopewa mtu badala ya heroini) semeni inapatikana wapi. Zanzibar ilianza kutolewa mwaka 2015 pale Kidongo Chekundu. Kuna soba hawapendi kuitaja, wanaona kama wanapeleka wateja kwa mwengine au kwamba mtu wa methadoni hajaacha. Mnaweza kuwa na msimamo wenu ndani, lakini mgonjwa apewe njia zote achague.

Tuandike "tunaponyesha asilimia mia"?

Msiandike. NIDA ya Marekani (taasisi yao ya utafiti wa dawa za kulevya, sio hii yetu ya vitambulisho) inasema wanaorudia kutumia ni kati ya 40 na 60 kwa kila mia, na inaulinganisha uraibu na maradhi ya kudumu kama presha na pumu. Mama aliyeahidiwa mia kwa mia, mwanawe akirudia atadhani kosa ni lake au la mtoto, na hatorudi kwenu. Andikeni akirudia afanye nini, anapokelewa tena au vipi, na analipa upya au halipi.

Wanawake wawe na ukurasa wao?

Ndio. Mwanamke anaetumia anajificha mara mbili ya mwanamme, na akiona picha zote ni za vijana wa kiume anajua hapana pake. Ukurasa wake useme nani anampokea, kama ni mwanamke mwenzake, analala upande gani, mlango una kufuli ndani, mtoto mchanga anakuja nae au anaachwa, na akiwa mjamzito inakuwaje. Kama hamupokei wanawake liandikwe na ielezwe aende wapi, msimwache apige simu akajibiwe "hapa wanaume tu" halafu ikakatwa.

Watu wetu wana simu ndogo na bando kidogo, mnafanyaje?

Ukurasa wa mwanzo tunajitahidi usizidi nusu MB. Picha tunazibana kwa WebP (aina ya faili ya picha iliyo nyepesi), fonti tunatumia zile zilizomo kwenye simu tayari, na video haichezi yenyewe kamwe, inamla mtu bando na inapiga kelele chumbani saa nane za usiku, yale yale ya siri tuliyoyasema. Tunaijaribu kwa simu ya bei rahisi, sio kwa ile ya bosi. Asiyesoma vizuri tunamuwekea sauti, dakika moja ikibanwa kwa kiwango cha kbps 32 inakuwa kama KB 240, haimuumizi mtu, na kwa kituo cha Pemba tunamtafuta Mpemba azungumze, watu wa Micheweni wasikie sauti ya kwao.

Rangi na herufi?

Herufi zisipungue pikseli 16, za watu wazima hata 18. Tofauti ya rangi ya maandishi na ya nyuma kanuni za WCAG (za kimataifa za kuifanya websaiti isomeke na kila mtu) zinataka isipungue 4.5 kwa 1, zipo programu za kupima bure. Batani ziwe pana, pikseli 44 kwenda juu, mkono ukitetemeka isiwe tabu. Rangi ya bahari, ya majani, ya mchanga, chagueni, nyekundu ibaki kwa dharura tu.

Kiswahili au Kiingereza?

Kiswahili kiwe cha mwanzo, Kiingereza cha pili kwa wafadhili na wageni, kila kimoja kiandikwe na mtu. Ile batani ya kutafsiri yenyewe msiitegemee kwenye maneno ya dawa. Na fundi wenu aweke kwenye kodi kwamba lugha ni sw, programu za kuwasomea wasioona zinahitaji kujua.

Anuani tunaiandikaje, hatuna namba za nyumba?

Kama unavyomuelekeza mgeni kwa mdomo. Panda gari ya 502 ya Bububu, shuka kituo fulani, ingia njia ya msikiti, geti la kijani nyuma ya skuli. Pemba anza kutoka bandari ya Mkoani au uwanja wa ndege, kwa sababu familia nyengine zinatoka Unguja kwa boti na zikifika jioni zinataka kujua zitalala wapi. Weka na pini ya ramani, mkaihakiki wenyewe, tumeona pini ya kliniki imekaa katikati ya konde la mihogo.

Nauli isiandikwe, inabadilika. Saa za Ramadhani ziandikwe kabla mwezi haujaandama, na Ijumaa mchana msiseme mko wazi hali mko msikitini.

Mkurugenzi anataka salamu zake na picha yake na Mheshimiwa ziwe juu.

Tunamheshimu. Zitakaa kwenye "Kuhusu sisi", kwa picha nzuri. Akikataa, tunamuomba akae na mama mmoja wa mgonjwa, tumpe simu mama atafute bei, mkurugenzi atazame bila kusema neno. Mara nyingi anaiondoa mwenyewe.

Mnaijaribuje kabla ya kufungua?

Hivo hivo nilivyosema hapo juu, ila kwa watu zaidi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kuzijaribu websaiti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya matatizo, na sisi tunatafuta watano: muuza duka, bibi, kijana aliyewahi kukaa soba, nesi, na mtu wa shamba. Kila mmoja anapewa kazi, tafuta bei, tafuta namba, tafuta kama unaweza kutoka ukishaingia. Hatumsaidii, tunaandika alipokwama. Akisema "mimi ndio sijui simu" tunajua websaiti ndiyo haijui.

Domeni (anuani ya websaiti) ichukuliwe kwa jina la nani?

La kituo. Isiwe la kijana wa jirani, akipata kazi Oman anaondoka na paswedi, na nyinyi mnabaki na websaiti inayotangaza namba ya zamani. Jumuiya na taasisi zisizo za biashara zinachukua .or.tz, biashara .co.tz. Kufuli ya HTTPS, inayolinda anachoandika mtu kisisomwe njiani, iko ya bure kutoka Let's Encrypt, fundi akiwauzia kwa bei kubwa muulizeni anauza nini khasa.

Ikishafunguliwa nani anaishughulikia?

Mtu mmoja wa ndani ya kituo, jina lake lijulikane. Kila Jumatatu anapiga namba iliyoko kwenye websaiti kutoka simu nyengine kuona kama inapokelewa, anatuma WhatsApp kuona kama inajibiwa, anaangalia bei na saa kama bado ni hizo. Kazi ya robo saa. Akisafiri amkabidhi mwengine, na paswedi zikae kwenye kabati la ofisi ndani ya bahasha.

Vituo vya Pemba mnakuja?

Tunakuja. Tunahitaji siku mbili kituoni kwenu, moja ya kukaa mapokezi tusikilize watu wanauliza nini, ya pili ya picha na sauti. Tuandalieni orodha ya maswali ambayo anaeshika simu anaulizwa kila siku, hata yakiandikwa kwa mkono kwenye daftari, tunaanzia hapo.